Karabini Mpya Kabla ya Risasi Yake ya Kwanza

Sanduku la mbao linapofunguliwa katika ghala la silaha, na bunduki mpya zikaonekana zimelala safu kwa safu ndani ya karatasi yake ya mafuta, furaha ya askari huwa kubwa kuliko uangalifu wake. Kila mmoja hutamani kuikamata ya kwake, aifute kwa nje mpaka ing'ae, kisha aende nayo uwanja wa shabaha siku hiyo hiyo. Tamaa hiyo yaeleweka. Lakini bunduki iliyotoka kiwandani, au iliyolala ghalani miaka ishirini bila kuguswa, bado haijawa silaha. Ni chuma kilichofunikwa kwa grisi ili kisiliwe na kutu, na grisi hiyo hiyo iliyokilinda katika safari ya bahari yaweza kumwua mtu aliyeishika bunduki, au aliyesimama mbele yake bila kosa lolote.

Maneno haya yanawahusu ndugu zetu wa jeshi na polisi wanaokabidhiwa bunduki za nusu-otomatiki, yaani zile zinazojijaza zenyewe lakini hutoa risasi moja tu kila kifyatulio kinapovutwa. Bunduki za namna hiyo ni nyingi, na kila moja ina kitabu chake cha mafundisho ambacho hapana budi kifuatwe. Hapa tutaichukua moja tu, karabini ya Simonov, iitwayo SKS. Imeenea sana katika bara letu, na ndani yake mna kijisehemu kidogo, kisichozidi urefu wa kidole, kinachoonyesha waziwazi tofauti kati ya kusafisha bunduki na kuifuta.

Mbuni wake, Sergei Gavrilovich Simonov, alizaliwa mwaka 1894 akafariki mwaka 1986. Aliibuni karabini hiyo Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea mwisho, na jeshi la Kisovieti likaipokea rasmi mwaka 1949. China ilianza kuitengeneza mwaka 1956 na kuiita Aina ya 56. (Jina hilo hilo Wachina waliipa pia bunduki yao ya mtindo wa Kalashnikov, jambo liwezalo kumchanganya karani wa ghala asiyesoma daftari kwa makini.) Yugoslavia nayo ilitengeneza ya kwake. Uzito wake ni kilo 3.85 bila risasi, urefu wake mita moja na sentimita mbili, na risasi yake ni ile ile ya milimita 7.62 kwa 39 itumiwayo na Kalashnikov. Magazini yake huchukua risasi 10, haitoki, na hujazwa kutoka juu kwa kibanio. Wapigania uhuru wa Msumbiji waliibeba porini. Hata leo askari wa gwaride la heshima mjini Moscow husimama nayo, kwa kuwa umbo lake refu na singe yake ya kukunjwa vyapendeza katika kwata.

Tuje kwenye grisi. Grisi ya kuhifadhia silaha imetokana na mafuta ya petroli. Katika ubaridi ni ngumu kama nta. Ikipata joto la kiasi cha nyuzi 50 huyeyuka na kutiririka. Tabia hiyo ndiyo msaada na ndiyo hila yake. Ni msaada kwa sababu jua letu la mchana lafanya kazi ambayo katika nchi za baridi huhitaji jiko: vyuma vikianikwa juani juu ya gunia kwa saa chache, sehemu kubwa ya grisi hujitoa yenyewe. Ni hila kwa sababu grisi iliyojificha katika pembe za ndani haionekani wakati wa kukagua asubuhi, lakini bunduki inapopata moto baada ya risasi kadhaa hulegea, ikahama, ikaingia mahali isipotakiwa. Kwa hiyo karabini yaweza kupita ukaguzi wa sajini na bado isiwe safi.

Kabla ya kufungua chochote, mtutu na uelekezwe mahali pasipo na mtu, boliti ivutwe nyuma, magazini ifunguliwe, na chemba itazamwe kwa macho kisha iguswe kwa kidole. Wapo watakaosema kwamba bunduki mpya kutoka sandukuni haiwezi kuwa na risasi. Na iwe hivyo. Lakini mkono uliozoea kukagua kila mara hautasahau siku ambayo risasi imo kweli.

Kuifungua si kazi ngumu. Singe husogezwa ili kuachia ufito wa kusafishia ulio chini ya mtutu. Wenzo ulio upande wa kulia wa kifuniko cha mwili hugeuzwa juu na kuvutwa nje, kifuniko hutoka kwa nyuma, ikifuatwa na springi ndefu, kisha kibebeo cha boliti pamoja na boliti yenyewe. Sehemu ya kifyatulio hutolewa kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa, kwa kusukuma kitufe kilicho nyuma ya ulinzi wa kifyatulio kwa ncha ya risasi ya mazoezi au chombo kingine chembamba. Magazini hutoka, na mwishowe mtutu na mwili wake huinuliwa kutoka katika mbao.

Hapo pana mambo mawili yanayoumiza watu. La kwanza ni wenzo mdogo unaoshika bomba la gesi, karibu na kilengeo cha nyuma. Huo hugeuzwa juu kidogo tu, kiasi cha kuliachia bomba. Askari mwenye nguvu na haraka akiugeuza kupita kiasi, wenzo hutoka wote, na nyuma yake huruka kijiti cha kusukumia pamoja na springi yake, kwa kasi ya kutosha kumtoa mtu jicho. La pili ni sehemu ya kifyatulio ikiwa mkononi. Nyundo yake imeshikwa ikiwa imevutwa, na mtu akigusa kifyatulio kwa mchezo, nyundo hupiga mbele bila kizuizi na kuponda kidole kilicho njiani.

Kila askari na atandaze kitambaa chake peke yake, ajipangie vyuma kwa utaratibu aliovitoa. Shauri hili laonekana la kitoto, lakini lina sababu nzito. Karabini hizi ziliwekwa namba kiwandani, katika mwili na katika boliti, na mara nyingi katika kibebeo, kifuniko na magazini pia. Boliti na chemba vilipimwa pamoja ili nafasi iliyopo kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi iwe sahihi. Watu kumi wakisafisha katika beseni moja, boliti zikachanganyika, kila moja itaingia vizuri katika bunduki isiyo yake na hakuna atakayegundua kwa macho. Nafasi ikizidi, ganda la risasi laweza kupasuka ndani ya chemba na gesi ya moto ikarudi usoni. Kwa maoni yetu, koplo anayesimamia usafishaji wa kwanza angefanya vyema kusoma namba za kila boliti kwa sauti kabla ya bunduki yoyote kufungwa tena.

Mafuta ya taa ndiyo dawa ya grisi. Petroli isitumiwe: moshi wake ni mbaya kifuani, na cheche moja ya sigara yaweza kuteketeza ghala zima. Vyuma vilowekwe, visuguliwe kwa brashi, vifutwe, virudiwe. Mtutu upitishwe vitambaa mpaka kile cha mwisho kitoke kama kilivyoingia. Chemba ichunguzwe kwa taa, maana grisi ikibaki humo risasi haitoki vizuri. Magazini mara nyingi husahauliwa, na springi iliyomo ikizama katika grisi risasi za mwisho huchelewa kupanda. Mbao haipaswi kulowekwa. Izungushiwe kitambaa na kuwekwa juani, ifutwe kila inapotoa jasho, siku mbili tatu ikibidi. Pistoni na bomba la gesi visafishwe na kuachwa vikavu kabisa, kwa kuwa mafuta humo huungua na kugeuka masizi magumu.

Sasa ndipo tunapofika kwenye kile kijisehemu tulichokitaja. Ndani ya boliti mna sindano ya chuma ambayo nyundo huipiga kwa nyuma, nayo ikapiga fataki ya risasi kwa mbele. Katika karabini za mwanzo za Kisovieti sindano hiyo ilikuwa na springi ya kuirudisha nyuma. Baadaye springi ikaondolewa, na karabini nyingi tunazoziona leo, zikiwamo za Kichina, zina sindano inayocheza huru katika tundu lake. Hapana kinachoirudisha isipokuwa uhuru wake wenyewe.

Fikiri basi kinachotokea. Boliti inapokimbia mbele na kusimama ghafula, sindano iliyo huru huendelea kidogo kwa kasi yake na kuigusa fataki polepole. Ndiyo maana risasi iliyoingizwa chemba kisha ikatolewa bila kupigwa huonekana na alama ndogo kitakoni, na alama hiyo si kasoro. Lakini tundu likijaa grisi iliyoganda, sindano hunata. Ikinata nyuma, nyundo hupiga na risasi isilie, na askari hubaki na bunduki bubu mbele ya adui. Ikinata mbele, ncha yake imekwisha kutoka kabla ya boliti kufika, na fataki hupigwa na boliti yenyewe inapojifunga. Bunduki hulia bila kidole kuwa kwenye kifyatulio. Gesi hurudisha boliti, risasi nyingine huingia, nayo hulia, na nyingine, mpaka magazini iwe tupu. Kufunga kizuizi cha usalama hakusaidii, kwa maana kizuizi hicho hushika kifyatulio, nacho hakikuhusika kamwe. Mara nyingine fataki hupigwa hata kabla boliti haijajifunga sawasawa, na hapo bunduki yenyewe huharibika mikononi mwa mwenye nayo.

Jambo hili si la kubuni. Nchini Marekani, ambako karabini hizi ziliingizwa na kuuzwa kwa raia kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990 zikiwa bado na grisi yake, hatari hiyo ilijulikana sana. Kwa askari aliye uwanjani, risasi kumi zisizoamriwa huishia kwenye tuta la udongo. Kwa polisi aliyesimama sokoni au mbele ya umati wenye hasira, akaivuta boliti kwa nia ya kutisha tu, ndugu msomaji na ajaze mwenyewe kilichobaki.

Kwa sababu hiyo haitoshi kuosha boliti kwa nje wala kuichovya nzima katika mafuta ya taa. Pini ndogo inayopita kwa ubavu isukumwe itoke, sindano itolewe, na tundu lisafishwe kwa kijiti chenye kitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Sindano ikaguliwe ncha: iwe ya mviringo laini, isiyovunjika wala kuchongoka. Wakati wa kuirudisha, ubavu wake uliokatwa uelekee tundu la pini. Pini ikikataa kuingia, isigongwe kwa nyundo, bali sindano itolewe na kugeuzwa. Na sindano isitiwe mafuta, ila kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana wa mafuta, kwani mafuta mengi hukamata vumbi na baada ya miezi huwa gundi nyingine.

Kisha boliti ishikwe karibu na sikio na kutikiswa. Yapasa isikike ikilia ndani, kama mbegu katika kibuyu kikavu. Mkia wa sindano usukumwe kwa kidole na ncha itokeze usoni. Boliti ielekezwe juu, na ncha irudi ndani yenyewe kwa uzito wake. Boliti isiyolia haifungwi katika bunduki, hata kama kamanda anangoja mlangoni. Huu ndio ukaguzi tungependa kila afande aufanye kwa sikio lake mwenyewe katika gwaride la silaha, badala ya kutia kidole cheupe mdomoni mwa mtutu tu.

Kufunga tena ni kurudi njia ile ile. Mwili huketi katika mbao, hufuata magazini, kisha sehemu ya kifyatulio ambayo husukumwa kwa nguvu mpaka ilie na kushika. Pistoni huingia, bomba la gesi hufuata, na wenzo wake hushushwa kabisa. Boliti huwekwa chini ya kibebeo chake na vyote viwili hutelezeshwa pamoja, springi huingia, kifuniko hufunika, wenzo wa kifuniko hurudishwa mahali pake na kugeuzwa chini. Pistoni isisahauliwe mezani. Bunduki isiyo na pistoni hufungika vizuri, hupiga risasi moja, kisha huwa ya kuvutwa kwa mkono kila mara.

Ukaguzi wa kazi yake hufanywa bila risasi, magazini ikiwa imefunguliwa ili kibao cha ndani kisiizuie boliti. Kibebeo huvutwa nyuma na kuachiwa. Kizuizi kikiwa kimefungwa, kifyatulio kikivutwa nyundo isianguke. Kizuizi kikifunguliwa, nyundo ianguke kwa mlio mkali. Kifyatulio kikiwa bado kimeshikwa, kibebeo kivutwe tena na kuachiwa, kisha kifyatulio kilegezwe taratibu mpaka mlio mdogo usikike. Kikivutwa tena, nyundo ianguke. Ikianguka wakati wowote mwingine, bunduki hiyo hurudi kwa fundi wa silaha. Kifyatulio kipya huwa kizito na chenye kukwaruza, na askari wengine hushawishika kukipiga tupa jino linaloshika nyundo ili kiwe chepesi. Hilo ni kosa la kupelekwa mahakama ya kijeshi. Kuvuta na kuachia bunduki tupu kwa siku kadhaa za mazoezi kutakilainisha bila tupa.

Siku ya uwanja wa shabaha, karabini mpya haipewi risasi 10 mara ya kwanza. Hupewa moja, kisha mbili. Sababu ni ile ile ya sindano: ikiwa kuna kasoro, na ionekane kwa risasi mbili. Maganda yaokotwe na kutazamwa. Alama ya sindano iwe katikati ya fataki na fataki isiwe imetobolewa. Ganda lisiwe limevimba wala kupasuka. Mambo yakiwa sawa, zifuate risasi 10, bunduki ipoe, boliti itolewe na kutikiswa tena sikioni, kwa kuwa sasa imepata joto na grisi yoyote iliyobaki imekwisha kuhama. Wako wapiga shabaha wanaoshikilia kwamba mtutu mpya hufundishwa kwa kupiga risasi moja na kusafisha, moja na kusafisha, mara nyingi. Huenda wana hoja kwa mitutu ya mashindano. Kwa karabini ya jeshi ambayo mtutu wake umepakwa kromu ndani, sisi tunaona ni kuchosha askari na kumaliza vitambaa. Kinachozoea ni kifyatulio, springi na vyuma vinavyosuguana, na hivyo huzoea kwa kazi.

Kinachohitaji subira zaidi ni vilengeo. Mafundisho ya Kisovieti yalitaka risasi nne za taratibu kwa umbali wa mita 100, nazo ziingie katika duara la sentimita 15. Zikitawanyika kupita hapo, arudie mpigaji kabla ya kulaumiwa bunduki. Zikiwa pamoja lakini pembeni, kilengeo cha mbele husogezwa upande ule ule zilikokwenda: zimekwenda kushoto, nacho kisogezwe kushoto, zimekwenda juu, msumari wake upandishwe. Msogeo wa milimita moja hubadili mahali pa risasi kwa kiasi cha sentimita 20 kwa umbali huo, hivyo gonga kidogo kidogo. Kuruti wengi husema bunduki mpya hupiga juu. Watazame kwanza kilengeo cha nyuma: kikiwa kimewekwa kwenye 3, yaani mita 300, risasi kwa mita 100 hupita sentimita 20 na ushei juu ya mahali palipolengwa, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Singe nayo ibaki katika hali moja, ya kukunjwa au ya kufunguliwa, tangu mwanzo wa zoezi hadi mwisho, kwani kuibadili hubadili mahali risasi inapogonga.

Kazi haijaisha mlio unapokoma. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, katika bomba la gesi na usoni mwa boliti. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na katika miji ya pwani na kandokando ya maziwa yetu makuu kutu yaweza kuonekana kesho yake. Mafuta hayaiyeyushi; huifunika tu, nayo ikaendelea kula chuma chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Askari wengi wazee walijua hivyo kabla ya kuelezwa sababu, wakamimina maji ya moto mtutuni na wakachekwa na vijana. Maji ya moto yamiminwe kutoka chemba, vyuma vya gesi vioshwe, vikaushwe kabisa, ndipo mafuta mepesi yafuate.

Na vifaa vya kufanyia hayo vitolewe pamoja na bunduki. Katika vita vya Vietnam, mwaka 1966 na 1967, Wamarekani walipewa bunduki ya M16 huku vifaa vya kuisafishia vikiwa haba na wengine wakiambiwa kwamba haihitaji kusafishwa sana. Baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba haikupakwa kromu, maganda yakagoma kutoka, na askari wakakutwa wamekufa kando ya bunduki zilizokwama. Kamati ya Bunge lao ilichunguza jambo hilo mwaka 1967. Chemba zikapakwa kromu na vifaa vya kusafishia vikagawiwa. Karabini ya Simonov hubeba vyake ndani ya kitako, katika kijisanduku cha chuma, na ufito wake chini ya mtutu. Ghala linapogawa bunduki, kijisanduku hicho kifunguliwe na kuhesabiwa mbele ya anayekabidhiwa, kwa maana brashi na vifaa vyake ni vidogo na hupotea upesi.

Baada ya usafishaji wa siku ya kwanza ya uwanja, mtutu utazamwe tena kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya tatu. Kila siku kitambaa kikavu kipitishwe kwanza. Kikitoka na rangi ya udongo mwekundu, maji ya moto yarudiwe tangu mwanzo.